Fundi Ambaye Sikumhoji

Ndugu zangu, mniwie radhi nikisema huku nimeshika kiti. Sijazoea kuongea bila karatasi.

Nilikuwa mhadhiri. Nilitafiti namna biashara zinavyojipanga, na swali langu lilikuwa moja: mafundi wa fanicha wa Ngong Road, wanaouza vitanda bega kwa bega, wanashindanaje bila kuangamizana? Nilihoji tisa. Wengine walikuwa na kazi. "Rudi kesho, daktari," na kesho ikawa vivyo hivyo. Nikarudi nyumbani Kabiria, nikafunga mlango, nikawatunga waliobaki. Ndiyo, nawaambia waziwazi: niliuliza mwenyewe, nikajijibu. Mmoja nilimpa maneno matamu: "Jirani yangu ndiye ghala langu," yaani akiishiwa na kitu, anachukua kwa jirani.

Makala yakachapishwa, na sentensi hiyo ikanipandisha cheo. Niliitwa Westlands kuwafundisha wakurugenzi wa kampuni mkakati wa biashara. Wakaiandika kwenye madaftari, nami nikanywa maji ili nisiwatazame.

Kisha mwanafunzi wangu wa uzamili akamfanya fundi huyo kiini cha tasnifu yake. "Mwalimu, nipeleke kwake." Nikamzungusha muhula mzima. Siku moja akanikuta Adams Arcade, hatua chache kutoka kwa mafundi wale.

"Si tuko karibu? Twende saa hii."

Tukaenda. Akamsomea fundi wa kwanza tuliyemkuta yale maneno. Mzee akaweka msasa chini.

"Ghala? Huyu jirani alienda na randa yangu tangu Pasaka! Nani alisema hiyo? Kwani tuliongea tukiwa tumelala?"

Mafundi wakacheka. Mwanafunzi naye akacheka, kisha akanitazama.

"Ni mimi niliyeyasema," nikamwambia, palepale kwenye vumbi la mbao.

Njiani nilimwomba tuyamalize kimyakimya; akakataa. Niliiandikia idara barua. Makala yakaondolewa, kazi ikaenda. Yule mwanafunzi alianza tasnifu upya. Miaka yake siwezi kuirudisha. Sijapata chuo kingine, na sidhani nitapata. Kama huku ni kupona, basi nimepona kiasi hiki: simu ikilia, sishtuki.

Nawashukuru nyinyi mlionivumilia Jumatano zote nilizokaa kimya katika kikao hiki chetu. Namshukuru mke wangu, aliyesoma ile barua akaniambia, "Punguza maelezo. Sema tu ulidanganya." Namshukuru na mwanafunzi wangu, ambaye hajanisamehe, kwa kukataa kunisaidia kuficha.

Ukikosea, ndugu yangu, sema mapema. Kosa langu nililinyamazia mpaka mtu asiye na hatia akajenga juu yake.