Nilimuombea Kabla ya Kumuuliza

Mama zangu, ninyi naweza kuwaambia hili bila kuogopa, maana mmekula kwangu na mmelia kwangu. Mwanangu mnamjua. Kila Ijumaa kwenye maombi yetu hapa Blacktown nilikuwa nasimama: "Mniombee, mtoto katoroka shule tena, kanijibu vibaya tena." Na yeye kakaa pale nyuma, kofia imefunika macho, anasikia yote. Tukamwita mbele, tukamwekea mikono, tukakemea roho ya ukaidi mpaka sauti zikakauka. Kesho yake anapanda treni, anazunguka mpaka Liverpool, hii ya huku huku Australia. Shule hakanyagi.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilichoka. Nilimkasirikia yeye, nikawakasirikia na ninyi. Huyu ananiambia mrudishe Afrika. Yule ananiambia mchape. Nimchape hapa Australia?

Sasa siku moja, kwenye darasa langu la jioni, mwalimu akatuwekea sinema ya zamani ya Kifaransa. Kijana mtundu, anadanganya, anaiba, anatoroka. Kifaransa nakisikia kidogo, nikacheka kabla ya wenzangu. Halafu kicheko kikakatika. Mama, baba, mwalimu, polisi, wote wanamjadili yule mtoto. Wa kukaa naye hakuna.

Nilipofika nyumbani nikamkuta mwanangu jikoni, anakula mkate mtupu, kasimama. Nikamwambia, "Baba, una nini?"

Akanijibu kwa Kiingereza chake, bila kunitazama: Mungu umemwambia, kanisa lote umeliambia, mimi ndio unaniuliza leo?

Nikavuta kiti. Hata maombi hayakunijia. "Basi nakuuliza."

Akauweka ule mkate mezani. Halafu akasema, "Nakula peke yangu, Mama. Kila siku."

Na mimi saa hizo niko kazini, nalisha wazee wa watu kwa kijiko!

Dada mmoja yuko humu, simtaji, alikubali tubadilishane zamu. Mungu ambariki, na mwalimu wangu pia. Siku hizi tunakula pamoja. Hajawa malaika, juzi kanibamizia mlango. Lakini shule anaenda, na akichelewa anapiga simu: "Mama, usile bado."

Tuwaombee watoto, ndiyo. Ila tuwaulize kwanza. Hata haya nimemuuliza kama niyaseme. Kasema, "Sema, ila usinisimamishe mbele."

Basi yuko mama hakuja leo kwa aibu ya mtoto wake. Mpelekeeni habari hii, mtoto wake akiwa hayupo, asije akasikia naye anajadiliwa.