Fundi Aliyezirudia Nyumba Zake Tisa

Wafiwa wenzetu, majirani, na ninyi mafundi mliokuja na nguo za kazi kwa kuwa mmetokea saiti moja kwa moja, karibuni, familia imenituma mimi mdogo wake niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Timazi, jina la kile kipimo cha wima wa ukuta, kwa sababu hakuweza kupita mbele ya ukuta bila kufumba jicho moja aone kama umenyooka.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili kati ya watano, baba akiwa seremala wa samani na mama mpishi wa hospitali, katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya karakana, ambako alishika randa kabla ya kushika kalamu. Alianza shule ya msingi Januari 1964, akamaliza sekondari mwaka 1974, kisha akajiunga na chuo cha ufundi kusomea uashi na useremala, wasichana wakiwa wawili tu darasani, na mwenzake alipohamia ushonaji akabaki peke yake hadi alipopata cheti tarehe 2 Desemba 1977.

Februari 1978 aliajiriwa katika idara ya ujenzi, msimamizi akampangia kupika chai, naye akaipika wiki nzima bila kinyongo, ila chai yenyewe haikunyweka, na Jumatatu iliyofuata akabadilishiwa mwiko, akapewa ule wa saruji.

Tarehe 22 Agosti 1981 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa malori, wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 1983 na mabinti wawili, 1986 na 1990. Ndoa hiyo ilimpa pia wifi, dada mdogo wa mumewe, mshonaji, wakapendana kiasi kwamba wasiowajua walidhani ni wa tumbo moja.

Mwaka 1994 aliacha ajira akaanza kujenga kwa jina lake, na mwaka 1996 wifi yake alipopata kiwanja alimkabidhi kazi yote, achague mwenyewe nguzo na kuta. Hapa nisome taratibu, maana wifi yake, aliyeketi pale mbele na fimbo yake, ametuambia, "Hilo mkiliruka, nami nainuka naondoka." Dada yetu alijua vizuri kwamba nguzo ya mbao haifukiwi ardhini kwenye joto na unyevu kama wa kwetu, hukalishwa juu ya kitako cha zege na kiatu cha chuma ili mchwa wasipate njia, lakini mawingu yalikuwa yameshatanda na zege lilihitaji siku za kukomaa, akazifukia nguzo za baraza kwenye udongo, akazipaka vanishi zikang'aa, nyumba ikaezekwa siku mbili kabla ya mvua, kila mtu akamsifu, na sifa zile zikamfanya arudie njia hiyohiyo katika nyumba nyingine tisa.

Tarehe 3 Novemba 2005, asubuhi, wifi yake alikuwa anaanua nguo barazani, akaegemea nguzo ya kona, ikakatika kama muwa, na paa la baraza likamshukia likamvunja nyonga. Majirani walilaumu mchwa, fundi mmoja akalaumu mbao za siku hizi, na dada yetu angeweza kunyamaza mambo yakaisha, lakini siku ya tatu alikwenda wodini, akavuta kiti, akasema, "Wifi, mchwa wasisingiziwe. Nguzo ile niliifukia nikijua haifukiwi. Nilikuwa na haraka ya kuezeka." Wifi yake aligeukia ukutani, akasema, "Nenda nyumbani," na kwa miaka minne na miezi mitatu hawakusemezana, na cherehani ya kukanyaga, iliyokuwa riziki ya wifi, ikafunikwa shuka, kwa kuwa nyonga haikumruhusu tena kuikanyaga.

Januari 2006 dada yetu alianza kuzizungukia zile nyumba tisa, akiwa na sururu na bisibisi ndefu ya kuchomea mbao, akipiga hodi na kueleza kosa lake kabla hajakaribishwa kiti. Saba walimruhusu, akachimba akasimamisha nguzo upya kwa mikono yake, mwalimu mmoja mstaafu alimsikiliza dirishani kisha akafunga dirisha, na wa mwisho alieneza habari mjini, ikawa karibu miaka miwili hakuna aliyempigia simu ya kazi. Shemeji yetu, aliyekuwa katikati ya mke na dada yake, alimuuliza mara moja tu kama ilikuwa lazima, naye akamjibu, "Watu wanalala mle ndani."

Tarehe 11 Februari 2010 wifi yake alimwita, akamwambia anataka nyumba ivunjwe ijengwe upya, na dada yetu alipomjibu kwamba mafundi wako wengi, akasema, "Wapo. Ila wewe ndiye unayejua palipooza."

Walikaa wiki tatu wakichagua kila kitu, wifi akishika kila kipande na kuuliza, "Na hiki kitanidondokea lini?" Matofali matupu ya saruji waliyaacha kwa kuwa hushika joto la mchana yakalitoa jioni, wakachukua ya udongo ulioshindiliwa na saruji kidogo, lipu ikawa ya chokaa ili ukuta upumue, upande wa machweo wakaweka pazia la mbao ngumu zilizoachiana nafasi ya hewa, baraza ikapata nguzo za zege, na mapaa yakatolewa nje vya kutosha mvua isiguse kuta. Ilikamilika tarehe 30 Oktoba 2010, na cherehani ikafunuliwa, safari hii ya umeme.

Septemba 2022 figo zake zilianza kushindwa kazi, akahamia kwa wifi yake, katika nyumba ile aliyoijenga upya, iliyo karibu na hospitali, na humo, mikononi mwa wifi huyo, aliaga dunia Jumanne tarehe 9 Mei 2023, saa kumi alasiri, akiacha mume, watoto watatu na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliopokezana kumpeleka kliniki, mafundi wenzake waliosimamisha turubai hili tangu alfajiri, na wenye nyumba zile tisa, ambao leo wamefika wanane, mwalimu akiwa mmoja wao. Wifi yake ameomba tuseme kwa niaba yake kwamba nyonga bado inamuuma, na kwamba angempa kazi tena.

Dada, umechoka kihalali, pumzika kwa amani.