Mtu wa Kofia Kwenye Ukuta wa Kukhu

Hamjambo ndugu zangu. Mchungaji aliponiuliza kama niko tayari kusimama hapa, nilimwomba wiki moja, halafu nikaomba nyingine. Hii ni ya tatu, na nimeishiwa na sababu. Basi mnivumilie.

Wengi hapa Kibomet mnanijua kama yule wa kuandika vibao. Cha kinyozi, cha hoteli, cha duka la mbegu, vyote ni mkono wangu. Lakini kabla ya vibao nilikuwa mchora vibonzo, na vibonzo nilijifunzia ukutani. Msicheke. Nyanya yangu, ambaye sisi tunamwita kukhu, anakaa Kabuchai. Kila Krismasi alibandika magazeti ukutani kwa uji wa unga, nyumba ing'are. Ya zamani hakuyatoa, alibandika juu yake. Mimi nikiwa mdogo, nikilala pale na homa, nilikuwa nabandua kwa ukucha polepole, narudi nyuma mwaka baada ya mwaka.

Nawaambia, ule ukuta ulikuwa shule. Chini kabisa, kwa magazeti ya zamani, mkubwa wa nchi hakuwa na uso. Mchoraji aliogopa. Unaona kiatu tu, ama fimbo imechungulia mlangoni na watu wadogo wanatetemeka. Karatasi za juu yake, mgongo umeonekana. Halafu pua. Tulipofika miaka hii ya elfu mbili, wakubwa wanachorwa wazima wazima, matumbo na meno, na wenyewe wanajitazama wakinywa chai. Kukhu hajui kusoma. Alikuwa ananyoosha kidole: "Na huyu, alitukosea nini?" Nami namsomea: huyu alikula shamba la shule, huyu alificha mahindi wakati wa njaa. Anasonya, anarudi kwa kazi yake.

Nilipokuwa mtu mzima nikaanza kuchorea gazeti dogo la hapa Kitale, lile lilikuwa likitoka siku likipata karatasi. Siku moja diwani fulani alinishika shati katikati ya soko la Kimilili. "Wewe! Hili tumbo langu liko hivi kweli?" Watu wakalitazama lile tumbo, wakamjibu kwa niaba yangu. Ndugu zangu, siku hiyo nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Nilijiona simba.

Sasa ukaja mwaka wa uchaguzi. Watu wa mgombea mmoja walikuja wakanisifu sana, wakasema wanataka karatasi ya kubandika kila mahali, ionyeshe "wageni" wanatumaliza. Mnakumbuka maneno ya wakati huo. Ningekataa. Lakini nilikuwa nimezoea kusifiwa, na huo ni ulevi kama ulevi mwingine.

Sasa, kibonzo kinahitaji uso wa mtu anayeishi. Ukichora mtu wa kubuni tu, hakuna anayecheka. Nikatazama nje ya dirisha. Jirani yangu alikuwa pale kwenye kibanda chake, anatengeneza baiskeli. Wazazi wake walitoka mkoa wa kati, ndiyo maana aliitwa mgeni, lakini yeye alizaliwa hapa hapa, na watoto wetu walikula sahani moja. Alikuwa na kofia ya sufu, amezoea kuivaa upande, sikio moja limekunjwa chini yake. Nikachukua ile kofia na lile sikio, nikampa mwili wa mchwa, anatafuna nguzo ya nyumba. Hakikunichukua hata saa moja. Watu walicheka, bana. Hata humu ndani kuna waliocheka.

Uchaguzi ukaharibika, mnajua vile ilikuwa. Sikuwasha kiberiti mimi. Lakini waliokwenda kuchoma kile kibanda chake cha baiskeli walikuwa na ile karatasi mkononi, na walikuwa wakiuliza yule wa kofia yuko wapi. Jirani yangu alitoroka na bibi na watoto, wakaishia kwenye mahema. Mimi nikakimbilia Kabuchai kama mtu aliyefukuzwa, na hakuna aliyenifukuza. Kalamu ikanishinda. Karibu mwaka mzima sikuchora hata yai.

Krismasi ikafika. Kukhu akapika uji wake wa unga, akafungua sanduku alimokuwa akiweka michoro yangu yote. Na ile karatasi ilikuwamo. Nilikuwa nimempelekea mwenyewe, kwa majivuno. Akaipaka uji, akaibandika kati ya diwani na waziri mmoja wa zamani. Akarudi nyuma, akatazama.

"Na huyu wa kofia, alitukosea nini?"

Wale wengine wote nilikuwa na la kusema juu yao, lakini huyu alikuwa amenizibia pancha tu, miaka yote. Nililia pale mbele ya nyanya yangu kama mtoto. Hakuniuliza tena. Aliibandua ikiwa bado mbichi, na nilipotaka kuziba pale mahali akasema, "Hapo paache."

Nikarudi Kitale. Jirani alikuwa amerudi, ameezeka mabati mapya kidogo. Nikamwambia ni mimi niliyechora. Hakuinua macho kutoka kwa gurudumu.

"Hii kofia mke wangu alinifumia. Ulifikiri sitaijua? Mimi usiniambie. Enda uambie wale walicheka."

Ndiyo maana nimesimama. Hakusema amenisamehe, na mimi sitasema hapa kwamba amesema. Ameketi humu ndani leo. Msigeuke kumtafuta, mmemtafuta vya kutosha.

Namshukuru kwa kunituma. Nawashukuru akina mama wa kikundi cha maombi walioniletea kazi ya vibao wakati sikuweza kujitazama. Na ninyi mnaopenda kucheka, nami ni mmoja wenu, kabla hujacheka picha ya mtu, uliza vile kukhu aliuliza.

Juzi nilikwenda Kabuchai na mchoro mpya, wa kwanza tangu wakati ule. Nimejichora mimi, mkono mkubwa kuliko kichwa, kalamu inavuja. Kukhu akaupaka uji, akaubandika pale palipoachwa wazi. Nikaanza kumweleza.

"Nyamaza," akasema. "Huyu najua alitukosea nini."