Msumeno wa Viateur

Kijiwe chetu ni benchi moja refu nje ya banda la kahawa la Zephaniah, Nyamirambo, chini kidogo ya msikiti. Cherehani yangu iko mlango wa pili, kwa hiyo hata nikiwa kazini nasikia yote. Wenyeji wa benchi ni Zephaniah mwenyewe. Pretty, msusi wa ng'ambo ya barabara, anayekuja na kikombe chake. Na mzee Telesphory, dereva mstaafu wa malori, tunayemwita Konseye, yaani mshauri, kwa sababu anatoa ushauri hata asipoombwa. Wiki ile hatukuwa na habari nyingine ila kelele za uani kwa Viateur, jirani yangu, fundi wa mashine za kufulia. Viateur alikuwa anatengeneza msumeno wa kukata mawe.

— Msumeno wa mbao naujua, wa chuma naujua, akasema Konseye. Jiwe ni la nyundo, bwana.

— Mimi nimeuona, nikasema. Amechukua mota ya mashine ya kufulia, akaifunga mkanda, mkanda unazungusha kisahani cha almasi, kile cha kukatia vigae. Chini kuna karai la maji, kisahani kisiungue na vumbi lisiruke. Jiwe linakaa juu ya kigari, na kigari kinatembea kwenye reli ya geti bovu.

— Nani anakisukuma? akauliza Konseye.

— Hakuna mtu. Kuna kamba, na kwenye kamba amening'iniza kidumu cha mchanga. Kidumu kinavuta taratibu. Anasema mkono wa mtu una haraka, ungevunja kisahani.

Konseye akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

— Hapo ametumia akili. Lakini kisahani kidogo hakifiki upande wa pili.

— Atakata upande mmoja, ageuze, akate mwingine.

— Yote hayo kwa jiwe la kusagia! akasema Pretty. Siku hizi nani anasaga kwa mkono? Mashine si ziko?

Jiwe lilikuwa la marehemu mama yao, mama Gahongayire. Familia ilipotoka ukimbizini Karagwe kurudi Rwanda, mama aliacha kitanda, akalipakata jiwe lile ndani ya lori. Sasa tangu matanga yaishe, Viateur na dada yake Winifred, anayefanya kazi ofisini huko Kacyiru, walikuwa hawasemeshani. Dada alidai jiwe ni la mtoto wa kike. Viateur alijibu kwamba mama amekaa kwake mpaka mwisho, jiwe halitoki uani. Mwishowe akatuma ujumbe: atalikata, kila mtu abebe nusu yake, maneno yaishe.

— Winifred anataka kuliweka sebuleni, akasema Zephaniah. Watu wa ofisini wanapenda vitu vya zamani. Mgeni akija anaulizwa, umeona jiwe letu?

— Sebuleni gani, sha! akaruka Pretty. Ndani iko dhahabu. Mtu ataachaje kitanda abebe jiwe? Mama alijua anachobeba.

— Dhahabu si kitu, akasema Konseye. Mwenye jiwe ndiye mkubwa wa ukoo. Watu hawasemi, lakini wanajua. Akilikata, ukoo unapata wakubwa wawili. Kila mmoja atakuwa na harusi zake na misiba yake. Wajukuu watakutana barabarani wasisalimiane, kisha wataanza kuoana bila kujua ni ndugu.

— Konseye, hiyo umeitoa wapi?

— Nimekaa, nikafikiri.

Tulikuwa bado tunacheka mashine ilipowaka. Ikapiga kelele nyembamba, kisha sauti ikazama, ikawa nzito. Kisahani kilikuwa kimeshika jiwe. Tukaacha kucheka. Zephaniah alibaki ameshika birika hewani. Mara kimya, mapema mno kwa jiwe la unene ule.

Viateur akatoka, ameloa mpaka viwikoni, fulana ina madoa mekundu ya tope. Akakaa pembeni mwa Konseye. Zephaniah akampa kahawa, hakuinywa.

— Kisahani kimevunjika? nikamuuliza.

— Hapana. Kinakata vizuri. Vizuri kuliko nilivyotegemea.

— Sasa?

— Nilichungulia karai. Maji yamekuwa mekundu, mazito. Uji wa mtama, jirani. Ule ule aliokuwa anatupikia. Nikazima.

Pretty aliweka kikombe chini.

— Pole, kaka.

— Kimeingia kiasi gani? akauliza Konseye.

— Vidole viwili.

— Mpigie dada yako.

— Nimwambie nini, mzee? Kwamba nimelitia kovu?

— Mwambie hivyo hivyo.

Akapiga. Sisi tukajifanya tunaangalia barabara.

— Dada... Hapana, sijalikata. Nimelianza tu... Sijui. Njoo.

Winifred alikuja kwa moto, pikipiki ya abiria, na nguo zake za ofisini, akamrudishia dereva kofia bila kumtazama. Alitusalimu sote, akaingia uani. Tulingoja kelele. Hatukusikia kitu. Kisha wakatoka wamelibeba jiwe, yeye huku, Viateur kule, wanatembea kwa upande kama watu wanaohamisha kabati. Tukasimama kuwapisha, wakalitua kwenye benchi. Winifred akapitisha kidole ndani ya ule mkato, polepole, toka mwanzo mpaka mwisho.

— Nisamehe, dada, akasema Viateur.

— Mimi nilikuwa naogopa kusahau, akasema Winifred. Nilifikiri nikikaa nalo nitakumbuka. Wewe ndiye ulikuwa unalala karibu na mama, mimi nilikuwa shule ya bweni. Asubuhi akisaga alikuwa anaimba. Ule wimbo ulianzaje?

Viateur akafungua mdomo. Akaweka mikono miwili juu ya jiwe, akasukuma mbele, akarudisha nyuma, akasukuma tena. Mikono ilikuwa inajua. Midomo ikajaribu kuifuata, ikashindwa.

— Ulikuwa... Sikumbuki, dada.

Winifred akamgeukia Konseye, aliyekuwa rika la mama yao. Konseye akainamisha macho kwenye kikombe chake. Winifred akanitazama mimi, niliyeishi ukuta mmoja na mama yule. Nikajaribu kuikamata sauti ile, nikapata kelele ya cherehani yangu tu. Zephaniah akatikisa kichwa. Pretty alikuwa analia.

Winifred akavua viatu vyake virefu, akaviweka chini ya benchi.

— Sogea, akamwambia mdogo wake.

Akaketi upande wa pili wa jiwe, akaweka mikono yake karibu na ya Viateur, wakasukuma pamoja.