Miaka Kumi na Miwili Aliyoongezewa Ezéchias Karekezi

Wapendwa waombolezaji, ndugu mliosafiri kutoka Columbus na Buffalo, na majirani wa hapa Louisville, historia hii imeandikwa na Uwera, binti wa marehemu, na inasomwa na Kalisa, mdogo wa marehemu, anayeishi Kenmore karibu na Buffalo, kama marehemu mwenyewe alivyoagiza, na Kalisa amekubali kuisoma bila kuruka mstari.

Ezéchias Karekezi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 huko Bijombo, katika milima ya Kivu ya Kusini, mtoto wa tatu na mvulana wa kwanza, na tarehe hiyo imo kwenye kadi yake ya ubatizo. Ile 1 Januari 1945 mnayoiona kwenye jeneza ni uongo, tuliomba kampuni ya mazishi iibadilishe, ikasema inafuata karatasi za serikali.

Alisoma shule ya msingi Bijombo kuanzia 1964 hadi 1970, akaanza sekondari Uvira, akaiacha mwaka wa pili kwa kukosa karo, akajifunza useremala, na tarehe 6 Septemba 1980 akafunga ndoa na Mukansanga, aliyekaa hapa mbele, wakapata watoto watatu, wawili tukawazika wakati wa vita, akabaki Uwera, anayetunza wazee kule Columbus, mtaa wa Northland.

Tarehe 11 Mei 2009, katika kambi nchini Burundi, karani wa wakimbizi alipouliza umri wake, marehemu alikuwa amelala na malaria, Kalisa akajibu badala yake, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba familia zenye wazee huitwa mapema kwenda Marekani, akataja 1945 na kujiona mjanja, karani akaongeza 1 Januari kama alivyowaongezea wengi wenu mliokaa humu.

Alifika Louisville tarehe 22 Aprili 2015, akakaa Shively, akafanya kazi ghalani, ambako msimamizi alimsifu mbele ya vijana kwamba ana miaka sabini na anawashinda kubeba maboksi, naye akirudi nyumbani anamwambia mkewe, “Bon, banasema niko muzee ya ajabu, kumbe ni Kalisa alinizeesha,” na nyumba nzima inacheka, Kalisa akiwa kwenye simu anacheka kuliko wote.

Mwaka 2021 alianza kugonga fremu za milango kwa bega. Tarehe 19 Oktoba Uwera alimpeleka kliniki ya macho, wakampima presha ya macho na unene wa neva nyuma ya jicho, wakalinganisha na jedwali la vipimo vya kawaida vya wazee Wachina wenye afya, eti ndilo walilokuwa nalo kwa watu wenye umri mkubwa hivyo. Neva hiyo hupungua kadiri mtu anavyozeeka, kwa hiyo mtu wa miaka sabini na sita alionekana mzima, lakini aliyekaa kwenye kile kiti alikuwa na sitini na nne, na kwa umri huo, hata katika jedwali lilelile, alikuwa mgonjwa. Wazee hao Wachina hatuna ugomvi nao. Ugomvi wetu ni na daktari aliyemtazama usoni mtu wa Bijombo asiye na mvi hata moja, akaamini karatasi, asiulize neno.

Marehemu alitaka kusema. Akiwa bado pale kliniki alimpigia Kalisa, “Nibaambie miaka yangu ya kweli? Macho inakwisha.” Kalisa akamjibu kaka yake, “Yaya, nyamaza, batatufukuza sisi wote. Donc, si bamesema ni normal?” Akanyamaza, na tarehe 2 Novemba 2022 walimpima tena, wakamwambia tena kwamba ni kawaida kwa umri wake.

Tarehe 8 Juni 2024, katika hospitali nyingine, alichoka kunyamaza, daktari mwanamke alipomuuliza akamwambia umri wake wa kweli, yule mama akauandika, akampima, akamwambia ni glaukoma, imeshakula pembeni mwa macho yote mawili na haitarudisha kitu, akampa dawa ya matone. Polisi hawakuitwa. Hakuna aliyefukuzwa. Jioni hiyo alimpigia Kalisa na kumwambia, “Siku ya kunizika, ni wewe utasoma,” akakata simu.

Jumapili tarehe 9 Machi 2025, akitoka kanisani, alivuka barabara hapa Shively, gari likatokea kushoto, upande ambao alikuwa haoni tena, na Jumatano tarehe 12 akafariki, akiwa na miaka sitini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania maisha yake siku tatu, yule daktari aliyemuuliza na kumsikiliza, majirani wa Shively waliotupikia, na wenzake wa ghalani waliokuja na sare zao za kazi. Kliniki ile ya kwanza hatuishukuru, na asitokee mtu kutuomba tuishukuru. Mama yetu Mukansanga hajasema na shemeji yake tangu Jumatano hiyo, asisumbuliwe.

Baba, lala kwa amani. Sisi bado hatujasamehe, na Kalisa amelisoma hilo kwa mdomo wake.