Aliyekuwa Ndani ya Kiboko Bashasha

Jumatatu, tarehe tatu ya mwezi wa tisa, saa nne kamili asubuhi, kreni ilimnyanyua Kobe Roketi ikamsimamisha juu ya lango la bustani ya michezo, na mtaa mzima ukanyamaza. Hata wenye pikipiki walizima. Kobe huyo wa sanamu alikuwa mrefu kama nyumba ya ghorofa tatu, ana viatu vyekundu na gamba linalometa kama sufuria mpya, na hakuna mtoto aliyewahi kutazama katuni asiyemjua. Ng'ambo ya barabara, kwenye benchi lililoegemea ukuta wa kinyozi, wenye benchi lao walikuwa wamesimama, vikombe mkononi, kahawa inapoa. Breki, aliyeendesha malori mpaka magoti yakamkatalia na sasa anauza kahawa, alisahau kufunika birika. Profesa, fundi redio asiyekosa gazeti, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kinyozi alitoka na mkasi mkononi, akamwacha mteja kitini na nusu ya kichwa haijanyolewa. Aliyebaki amekaa ni Mama Uzi peke yake. Huyu ndiye aliyeishonea bustani ile mavazi ya maonyesho kwa miaka mingi, mpaka mwenye bustani alipoiuza, na wenye mali wapya wakakigeuza chumba cha cherehani kuwa stoo ya friji za soda. Alimtazama Kobe kuanzia viatuni hadi utosini, polepole, kama mtu anayekagua mshono.

— Mungu ni mkubwa, — akasema.

— Mkubwa kweli, — Kinyozi akaitikia. — Lakini na hicho kiumbe chao si kidogo.

— Msidhani wamemnunua, — Profesa akasema. — Wamemkodi. Nimesoma. Kobe ana wenyewe huko mbali. Hawa wetu wamelipia ruhusa tu ya kumtumia, na ruhusa yenyewe ina mkataba mnene kama godoro.

— Mkataba wa kobe?

— Wa kobe, bwana! Haruhusiwi kuongea. Haruhusiwi kula mbele za watu. Haruhusiwi kuonekana mahali pawili kwa wakati mmoja. Akiwa langoni, yule wa kwenye mabembea ajifiche.

— Kwani wako wangapi?

— Wawili, watatu, wanapokezana. Ila mtoto lazima ajue yuko mmoja tu duniani.

Breki akapiga mluzi. — Aisee. Mimi na umri huu sina hata mkataba wa nyumba ninayolala.

— Subiri kwanza. Soda atakayoshika ni ya kampuni moja tu, wameingia ubia. Kampuni ya dawa ya meno nayo imeingia ubia, ndiyo maana unaona anacheka vile.

— Profesa, kobe hana meno.

— Ndiyo maana nikakwambia mkataba ni mnene!

Wakacheka, lakini kicheko cha watu walioshikwa na mshangao, kisichofika mbali. Mama Uzi naye alitabasamu. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa:

— Na Bashasha?

Kiboko Bashasha ndiye aliyekuwa mnyama wa bustani ile kabla ya kuuzwa. Kiboko wa kitambaa cha kijivu, kizibao cha kijani, anasimama langoni kila siku ya kazi na kukumbatia watoto wa watu. Tangu mwezi wa sita hakuonekana tena.

— Bashasha mota yake iliungua, — Profesa akasema. — Si niliwaambia? Vipuri havipatikani.

Mama Uzi akainamia kikombe chake.

Ndani ya Bashasha hamkuwa na mota. Mlikuwa na mume wake. Walipoajiriwa wote wawili, mwenye bustani wa zamani aliwaapisha: mtoto asisikie hata siku moja kwamba kiboko ni mtu, na ili mtoto asisikie, mtu mzima asijue. Mume wake akalishika neno lile kama anavyoshika sala. Mtaani alijulikana kuwa ndiye mwagiliaji maua wa bustani. Hapa benchini walimwita Mpole, kwa sababu alisikiliza zaidi ya alivyosema. Na alipofariki mwezi wa sita, hawa hawa ndio waliombeba wakamzika, wakarudi, wakakaa, na baada ya wiki wakaanza kulalamika kwamba kiboko hatoki. Mama Uzi aliwasikia, akanywa kahawa yake, akanyamaza. Na yeye alikuwa ameapa.

— Mota gani, Profesa, — Breki akasema. — Mimi nilimwona kwa macho yangu akisukuma gari la barafu lililokwama. Yule alikuwa mpiga mieleka. Tena wa zamani, wale waliotoroka na mkanda wa ubingwa. Ukitaka kujificha, utapata wapi pazuri kuliko ndani ya kiboko?

— Acha wewe! Mpiga mieleka acheze na vitoto vya chekechea?

— Basi walikuwa watatu. Mmoja miguu, mmoja mikono, mmoja tumbo.

— Wa tumbo anafanya nini?

— Anapumzika. Wanapokezana, si umesema mwenyewe?

— Nyinyi hamjui kitu, — Profesa akasema, amekasirika kweli sasa. — Ilikuwa mota mbili na betri ya gari. Na marehemu Mpole, Mungu amrehemu, alikuwa shahidi wangu, mtu wa humo humo ndani. Ndiye aliyenielekeza betri inakaa wapi. Hapa, chini ya kizibao. Au siyo, Mama Uzi?

— Alinisimulia kwamba alikuelekeza, — Mama Uzi akasema, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Siku ile mume wake alirudi nyumbani, akakaa kitandani na viatu vyake, akasema, "Leo nimewatilia betri," akacheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Mama Uzi alihisi kicheko kinampanda na machozi yanakifuata nyuma, akavimeza vyote kwa fundo moja la kahawa.

Kinyozi alikuwa anafungua na kufunga mkasi wake hewani.

— Mota haitetemeki, — akasema.

— Unasemaje?

— Mwanangu alipopotea, yule mkubwa, akiwa mdogo. Tulimtafuta mpaka kwenye bwawa la mashua. Mama yake ameshaanza kupiga kelele. Nikamwona Bashasha anakuja kutoka upande wa mashine za umeme, pale palipokatazwa, mtoto yuko mabegani. Akanipa. Nikamshika mkono kwa juu ya kitambaa, na mkono ulikuwa unatetemeka kuliko wangu. Mimi nikamkumbatia mwanangu nikakimbia. Hata asante sikusema. Kesho yake nikarudi, nikamwambia kiboko asante, akainamisha kichwa. Lakini mimi sikutaka kumshukuru kiboko, jamani. Nilitaka mtu. Mpaka leo nikiwaza kwamba huenda nimepishana naye njiani nikampita tu, sijisikii vizuri.

— Basi ni jini, — Breki akasema polepole. — Jini mwema.

— Jini na kizibao? — Profesa akauliza, ila hakuwa na nguvu ya kucheka.

Ndipo alipovuka barabara dada mmoja mwenye beji kifuani, anasukuma toroli. Juu ya toroli palikuwa na kitu kikubwa cha mviringo kimefunikwa shuka.

— Shikamooni. Naomba kahawa, haina haja ya sukari.

— Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa humo? — Breki akauliza huku akimimina. — Hebu tukatie shauri hapa. Ni kweli kobe ana mkataba?

— Ni kweli, baba. Mimi ndiye niliyeletwa kuwafundisha watakaomvaa. Namna ya kutembea, namna ya kukaa. Kuna ukurasa mzima wa namna ya kupunga mkono.

— Ukurasa mzima! — Profesa akawatazama wenzake kwa macho ya nilisema mimi.

— Na huyu ndiye aliyekuwepo, — dada akasema, akaligusa shuka. — Mkataba hauruhusu mnyama mwingine ndani ya uzio. Gari linakuja kumchukua sasa hivi limpeleke ghalani.

Akatazama kushoto na kulia. Watoto walikuwa shule, barabara ilikuwa ya watu wazima peke yao. Akafunua. Kichwa cha Bashasha kikawatazama, masikio yamelala kidogo, mdomo wazi, ule mdomo wenye wavu wa dirisha ambao aliyekuwa ndani alionea njia. Mama Uzi aliujua ule wavu. Aliushona mara nyingi.

— Nina swali, — mgeni akasema. — Ofisini kila mtu ni mpya, hawajui. Nani alikuwa ndani?

Swali lile jepesi likawaangukia wote wanne. Profesa alifungua mdomo.

— Tulikuwa tunadhani kwamba mota...

— Mota haitoki jasho, mzee wangu. — Akakigeuza kichwa, akawaonyesha ndani. Sponji ya paji la uso ilikuwa imebonyea, laini, kama mto uliolaliwa na mtu mmoja. — Ona. Nimevaa wanyama tangu nilipomaliza shule, nakwambieni hili sijawahi kuliona. Kichwa kimoja, paji moja, miaka yote. Ndani humu ni joto la kuzimia. Kwetu mtu anakaa kidogo, anabadilishwa. Huyu hakubadilishwa na mtu.

Breki aliweka birika chini. Wakasogea, wakachungulia ndani ya kile kichwa, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaotazama ndani ya kisima wasichokijua kina chake.

— Kwa nini unauliza? — Mama Uzi akasema.

— Ni desturi yetu sisi tunaovaa, mama. Mnyama akistaafu tunamfunua mbele ya wenzake, tunamtaja aliyekuwa ndani, tunampigia makofi. Mara moja tu. Sikutaka huyu aondoke hivi hivi kama kabati.

— Na aliyeapa kutosema?

— Kiapo ni cha mnyama akiwa kazini. Kazi ikiisha, mtu anarudishwa kwa watu wake.

Mama Uzi alikaa na neno hilo. Alitazama barabara, asione mtoto. Alimtazama Kinyozi, na mkasi wake, na uso wake wa mtu aliyechoka kutafuta. Akasimama, akaenda kwenye toroli, akaingiza mkono ndani ya kichwa mpaka kiganja kikalala pale palipobonyea. Kilienea sawasawa.

— Mume wangu, — akasema.

— Mpole? — Breki akanong'ona.

— Mpole.

— Huyu aliyekaa na sisi hapa?

— Huyu huyu.

Profesa alitafuta benchi kwa mkono, akakaa. — Na betri... — akasema, mabega yakaanza kumtikisika, wala hakuna aliyejua kama analia au anacheka.

Kinyozi alikuja karibu. — Nilikuwa namnyoa kila Ijumaa, — akasema. — Alikaa kwenye kiti changu, Mama Uzi, nikamsimulia yeye mwenyewe. Yote. Bwawa, mabega, mkono unaotetemeka. Akaniambia, "Mungu atamfikishia hizo shukrani zako." Mimi nikaendelea kunyoa.

— Alirudi nyumbani akaniambia zimefika, — Mama Uzi akasema.

Mgeni akaanza kupiga makofi, taratibu. Breki akafuata, na Profesa akiwa amekaa, na yule mteja mwenye nusu ya nywele akatoka na shuka lake la kunyolea shingoni, asiulize kitu, akapiga naye. Kinyozi hakupiga. Aliweka viganja vyake juu ya kile kichwa cha kijivu, akasema asante kwa sauti ya kawaida, kama anavyoambiwa mtu.

Makofi yalipoisha, Mama Uzi akawaomba wainue mikono. Wakainua.

— Ee Mwenyezi Mungu, huyu ni mja wako, wewe ulimwona kila siku sisi tulipokuwa hatumwoni. Mpumzishe palipo na ubaridi, kwani alivumilia joto jingi kwa ajili ya watoto wa wenzake. Msamehe alipokosea. Mpokee kwa furaha kama alivyowapokea wao langoni, na sisi utukutanishe naye kwa rehema yako. Amina.