Mama Pampu na Mitambo Inayojieleza

Tarehe 30 Juni Mama Pampu anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara ya matengenezo ya jengo letu. Alianza kwa kufagia chumba cha pampu, akamsumbua fundi mkuu wa wakati ule kwa maswali, na hatimaye akakikalia kiti chake.

Pampu ikikohoa, aliitwa. Lifti ikigoma, aliitwa. Maelezo ya mitambo yalifungiwa kabatini ofisini, na fundi aliye juu ya paa, mikono imejaa grisi, hakuwa na hamu ya kushuka ngazi kuyatafuta. Alimpigia Mama Pampu. Hata siku ya harusi ya bintiye simu iliita. Katika picha ya familia maharusi wanatabasamu, na yeye pembeni, simu sikioni, anaonyesha hewani jinsi koki inavyozungushwa.

Baada ya harusi hiyo alisema basi, maelezo yahamie kwenye mitambo yenyewe. Kila mtambo ukapata kibandiko chenye msimbo. Ukikiskani kwa simu unaona mchoro na historia ya matengenezo, na unasikia sauti ya Mama Pampu iliyorekodiwa: "Wewe, usiguse hiyo nyekundu! Zima umeme kwanza, mwanangu."

Mwanzoni kulikuwa na vituko. Vibandiko viliwekwa kwenye mifuniko, mafundi wakaiosha mifuniko yote kwa pamoja, wakairudisha ovyo. Wiki nzima pampu ya maji moto ilijitambulisha kuwa ya maji taka. Mama Pampu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akavihamishia kwenye mwili wa mtambo, usiofunguka.

Hofu yake ilikuwa moja tu: kustaafu halafu simu iendelee kumfuata. Mwezi uliopita, akiwa safarini kumwona mjukuu mchanga, maji yalikatika ghorofa za juu. Fundi bomba akaenda kwenye pampu, akaskani, akasikiliza, akafuata maelekezo. Maji yakarudi kabla ya chai ya saa nne.

Aliporudi na kupewa habari, alinuna kidogo. "Yaani hakuna hata mmoja aliyenipigia?"

"Tukupigie ya nini, mama," fundi bomba akamjibu, "na ulikuwa unatufokea palepale?"

Akacheka, akajifuta macho kwa kitambaa cha grisi, akabaki na alama nyeusi shavuni. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Asante, Mama Pampu, kwa kutufundisha bila kutuchoka. Tunakutakia siku za raha na usingizi mnono, na mjukuu umbebe kwa mikono yote miwili.